Nguzo Imeondoka, Kivuli Kimebaki: Kusafisha Picha za Mandhari

Kazi yangu ni kusafisha picha za mandhari kabla hazijachapishwa, na ombi ninalolipokea mara nyingi kuliko mengine yote ni fupi: "Naomba unifutie hiki hapa." Neno hilo la kufuta ndilo linalowapotosha wengi. Kamera haikuona kilichokuwa nyuma ya nguzo ya umeme. Hakuna kipande cha anga kilichojificha chini yake kikingoja kufunuliwa. Ukiziondoa pikseli za nguzo, yaani zile nukta ndogo za rangi zinazoiunda, unabaki na tundu, na kazi yote iliyobaki ni kulijaza tundu hilo kwa kitu ambacho jicho litakubali kuwa kilikuwapo tangu mwanzo.

Nichukue picha iliyo mbele yangu sasa. Ni ziwa muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na ng'ambo ya pili imesimama nguzo moja yenye waya mbili. Kitako chake kimezama katika matete, mwili wake umekata mstari wa kilima, na kichwa chake kiko angani. Kabla sijagusa kifaa chochote, huwa nahesabu kila mahali ambapo kitu kimeacha alama. Hapa kuna nguzo yenyewe, kuna kivuli chake kirefu kilicholala juu ya nyasi, na kuna taswira yake majini, iliyokatwakatwa na viwimbi hadi inaonekana kama mabaka ya giza yasiyohusiana. Wanaoanza huondoa ya kwanza na kusahau mbili zinazofuata. Mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, lakini atahisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Vifaa vya msingi ni viwili, navyo hupatikana katika programu ya kuhariri picha ya Photoshop na pia katika GIMP, ambayo ni ya bure. Muhuri wa kunakili huchukua pikseli za sehemu moja na kuzibandika kwingine jinsi zilivyo. Brashi ya kuponya, ambayo Photoshop iliipata katika toleo la 7 mwaka 2002, huchukua umbile la sehemu unayoichagua lakini hukopa rangi na mwanga kutoka kwenye ukingo wa mahali unapopaka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua mpangilio mzima wa kazi. Ukiitumia brashi ya kuponya karibu na mstari wa kilima, itakopa giza la kilima na kulipaka angani, nawe utapata doa la moshi ambalo halitoki kwa kupaka tena na tena. Kwa hiyo huanzia pale nguzo inapokutana na kilima: kwa muhuri wa kunakili wenye kingo ngumu kiasi, najenga upya kipande kifupi cha mstari huo, nikipima mteremko wake kwa pande zote mbili, hadi nguzo iliyoko angani itengane kabisa na nchi kavu. Baada ya hapo anga ni kazi nyepesi, na hapo brashi ya kuponya inafanya inachokijua.

Yote haya hufanyika kwenye tabaka tupu, mfano wa karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, huku kifaa kikiwa kimeelekezwa kuchukua pikseli kutoka tabaka hilo na yaliyo chini yake. Picha ya asili haiguswi, na kosa la leo linaweza kufutwa kesho.

Kuhusu mahali pa kuchukua pikseli, nina kanuni moja ambayo imeniokoa mara nyingi: chukua kwa usawa, usichukue kutoka juu wala kutoka chini. Anga hubadilika rangi kadiri unavyopanda kutoka kwenye upeo wa macho, na viwimbi vya ziwa huonekana vidogo kadiri vinavyokwenda mbali. Kipande kilichotolewa mahali palipo juu au chini zaidi kitakuwa na rangi isiyo yake au viwimbi visivyolingana na majirani. Hata kwa usawa usiende mbali sana, maana lenzi nyingi hutia giza pembeni mwa picha. Nao wanaodhani watageuza tu anga iliyokwisha kusafishwa na kuibandika majini, wakumbuke kwamba anga iliyo majini huwa na giza kuliko iliyo juu.

Waya zina ujanja wake. Bonyeza mwanzo wa kipande, shikilia kitufe cha Shift, kisha bonyeza mwisho wake, na brashi itapita mstari ulionyooka. Ila waya hulegea katikati, kwa hiyo nenda kwa vipande vifupi.

Mwaka 2010 Photoshop CS5 ilileta njia ya kujaza tundu yenyewe kwa kuangalia vilivyo jirani, na mwaka 2023 ikaja ile inayobuni pikseli mpya kwa akili mnemba. Nazitumia zote mbili bila aibu, hasa kwenye matete na majani, ambako kunakili kwa mkono kunachosha. Lakini hii ya pili ina tabia ambayo yafaa kuijua: ukichagua nguzo na kukiacha kivuli chake nje ya uteuzi, programu hukiona kivuli kisicho na mwenyewe, na mara nyingi hukubunia mti au jiwe la kukihalalisha. Chagua kitu pamoja na kivuli chake, acha nafasi kidogo pembeni, na eneo likiwa kubwa lijaze kwa mafungu, kwa sababu sehemu iliyobuniwa kwa mkupuo mmoja huweza kutoka laini kuliko picha nyingine.

Kinachonitisha zaidi ni marudio. Niliwahi kukabidhi picha ya ufuko iliyochapishwa kwa ukubwa wa ukuta, na mteja akaweka kidole juu ya jiwe jeupe lenye ufa, kisha akakihamisha kiganja kimoja kando, juu ya jiwe lilelile lenye ufa uleule. Tangu siku hiyo naigeuza picha kulia kwenda kushoto na kuitazama ikiwa ndogo, kwa kuwa jicho lililozoea picha halioni tena. Pia naweka kwa muda tabaka la kuongeza utofauti wa mwanga kupita kiasi. Mabaka yaliyojificha angani hujitokeza yote, pamoja na sehemu ambazo brashi imezilainisha na kuzipotezea chengachenga zake, yaani ule ukungu wa nukta ndogondogo ulioenea picha nzima. Hizo narudishia chengachenga kidogo, kisha naliondoa tabaka hilo.

Kuna picha ambazo sizigusi. Sheria za shindano la World Press Photo haziruhusu kuongeza, kuhamisha wala kuondoa kitu, isipokuwa alama za vumbi lililo kwenye kihisi cha kamera na mikwaruzo ya negativu zilizoskaniwa, nami naona kila picha inayodai kuwa ya habari inastahili ukali huohuo. Picha ya kupamba ukuta ni jambo jingine.

Hii ya ziwa ni ya ukutani, kwa hiyo nguzo imekwenda, na kivuli, na mabaka majini, na mwishowe waya zote mbili. Nilipokuza picha kwa mara ya mwisho ndipo nilipowaona ndege wawili niliokuwa nimewakwepa kwa uangalifu mkubwa nilipokuwa nikifuta waya: wameketi hewani, mabawa yamefungwa, kucha zimekamata kitu kisichokuwepo. Niliwapenda, lakini nao imebidi niwaondoe.