Usingizi wa mbegu za mawaridi ya mwituni

Usingizi wa mbegu ni hali ambayo mbegu hai na iliyokomaa haioti hata ikipewa maji, joto na udongo mzuri. Ni dhana inayomhusu kila mkazi wa Tanga anayetamani kuotesha kwa mbegu mawaridi ya mwituni yanayonukia, kama Rosa rugosa, yenye asili ya pwani za Japani, Korea na kaskazini mwa China, au Rosa rubiginosa ya Ulaya, ambayo hata majani yake yakifikichwa hunukia tufaha.

Katika nchi hizo matunda ya mwaridi huiva muda mfupi kabla ya majira ya baridi kali, na mbegu ambayo ingeota papo hapo ingetoa mche wa kuuawa na barafu. Kwa hiyo ganda gumu, pamoja na kemikali zinazozuia uotaji, huishikilia mbegu mpaka ipitie wiki nyingi za baridi na unyevu. Tanga mjini baridi hiyo haipo kabisa, na hata Lushoto, pamoja na ubaridi wake wa milimani, haiifikii. Wengi hulaumu udongo au muuzaji wa mbegu, ilhali mbegu yenyewe ni nzima.

Tiba yake ni jokofu. Tunda lililoiva hupasuliwa, na ndani yake mbegu huonekana zimezungukwa na vinyweleo vinavyowasha ngozi. Huoshwa hadi nyama yote itoke, kwa kuwa nayo huzuia uotaji. Kisha huchanganywa na mchanga safi wenye unyevu ndani ya kopo lenye kifuniko, zikakaa kwenye takriban nyuzi 4 za Selsiasi kwa wiki 6 hadi 12, wala si kwenye sehemu ya kugandishia. Unyevu ndio jambo linalosahaulika zaidi: mbegu kavu jokofuni inahifadhiwa tu, haiamshwi. Aina kama Rosa canina huhitaji kwanza miezi kadhaa ya joto na unyevu, ndipo baridi ifuate.

Kijimzizi cheupe kikichungulia kwenye mpasuko wa ganda, mbegu hupandwa kwenye kitalu chenye kivuli. Majani mawili ya kwanza huwa ya mviringo na laini, hivyo asiyeyajua huyang'oa akidhani ni magugu. Yenye meno hufuata baadaye, na maua kwa kawaida huchukua miaka 2 au 3.

Kuamsha mbegu, hata hivyo, hakuondoi haja ya baridi kwa mmea mkubwa, kwani aina nyingi za mwituni huhitaji msimu wa baridi ili zichanue vizuri. Kwa sababu hiyo, miche ya namna hii ningeipeleka Lushoto kuliko kuiacha pwani, na ningependelea zaidi Rosa abyssinica, waridi jeupe linalonukia la nyanda za juu za Ethiopia, ambalo limezoea milima ya tropiki.