Kuridhia Mkataba wa Paris: nchi inajifunga na nini hasa?

Kila msimu wa mikutano mikubwa ya tabianchi ukikaribia, mada ile ile hurudi kwenye midahalo ya shule na vyuo na kwenye vipindi vya redio: je, nchi maskini zina sababu gani ya kuwa ndani ya Mkataba wa Paris? Watetezi wa hoja huanza na mafuriko na ukame. Wapinzani huuliza kwa nini tubebe mzigo wa moshi wa viwanda vya wengine. Na mara nyingi pande zote mbili zimeshika dhana moja isiyo sahihi, kwamba nchi ikishajiunga hupangiwa kiwango cha gesijoto, yaani hewa zinazoongeza joto la dunia, na ikikivuka huadhibiwa. Kifungu cha namna hiyo hakimo. Basi kabla ya kubishana kama nchi iingie au ikae nje, tuangalie kuingia kwenyewe ni kufanya nini.

Mkataba wa kimataifa hupita hatua ambazo magazeti huzichanganya. Kwanza wajumbe hukubaliana maandishi. Kwa Paris, hilo lilifanyika tarehe 12 Desemba 2015 huko Le Bourget, nje kidogo ya jiji. Halafu huja kusaini: milango ilifunguliwa New York tarehe 22 Aprili 2016, na siku hiyo moja zilipatikana sahihi 175, za nchi pamoja na Umoja wa Ulaya. Picha zilikuwa nzuri, lakini sahihi peke yake haibani sana. Nchi huwa imeonyesha nia, na inatakiwa tu isiuhujumu mkataba wakati bado inatafakari. Kinachoifunga ni hatua ya tatu, kuridhia. Hapo serikali hufuata utaratibu wa katiba yake, kisha hupeleka hati kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Siku 30 baada ya hati kupokelewa, nchi ni mwanachama.

Utaratibu huo wa nyumbani haufanani. Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, na Mkataba wa Paris uliridhiwa mwaka 2018. Lakini hata baada ya hapo, mwananchi hawezi kuuchukua mkataba wenyewe akaenda nao mahakamani kama anavyokwenda na sheria ya nchi; ni lazima Bunge litunge au lirekebishe sheria kwanza. Kenya iliridhia Desemba 2016, na huko Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inasema mkataba wowote ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Mkataba ni mmoja, maneno yake ni yale yale, ila uzito wake ukivuka mpaka wa Namanga unabadilika. Watu wa midahalo wangepaswa kulitumia jambo hili zaidi.

Sasa ndani ya mkataba kuna nini? Aliyewahi kupokea kadi ya mchango wa harusi ataelewa haraka. Kadi haikuandikii kiasi. Unaandika ahadi yako mwenyewe, kamati inaingiza jina lako kwenye orodha, na kikao kijacho orodha inasomwa mbele ya watu. Hakuna askari atakayekuja kwako ukishindwa, ila utajulikana. Mkataba wa Paris umejengwa kwa mtindo huo: kila nchi huandika mchango wake wa taifa, yaani itapunguza gesijoto kiasi gani, kwa njia zipi, na itajiandaa vipi kukabili athari. Kila baada ya miaka 5 inatakiwa kuandika mchango mpya, na mpya uwe mkubwa kuliko wa zamani. Tanzania kwa mfano iliandika mwaka 2021 kwamba ifikapo 2030 itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingefikiwa kama mambo yangeachwa yaende yalivyo. Kenya mwaka 2020 iliandika asilimia 32 kwa kipimo cha aina hiyo hiyo. Hizo namba ziliamuliwa Dodoma na Nairobi. Hazikutoka Paris.

Wajibu wa kisheria, basi, ni wa kiutaratibu: kuandika mchango, kuwasilisha, kuweka hatua za ndani za kuutimiza, kutoa taarifa za gesijoto kwa uwazi, na kurudi tena baada ya miaka 5. Lengo la pamoja, la kuhakikisha joto la dunia linabaki chini sana ya nyuzi 2 juu ya lile la kabla ya enzi ya viwanda na kujitahidi liishie 1.5, ni la wote kwa jumla. Kamati inayosimamia utekelezaji, chini ya Kifungu cha 15, imepewa kazi ya kusaidia tu. Mkataba wenyewe unasema haitakuwa ya uadui wala ya kuadhibu. Michango mipya ilitakiwa kufika kabla ya tarehe 10 Februari 2025. Nchi nyingi mno, tajiri kwa maskini, zilichelewa. Hakuna iliyotozwa hata senti.

Ulegevu huu uliwekwa kwa makusudi, na sababu yake ni Kyoto. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 ulifanya kile ambacho wengi hudhani Paris inafanya: uliwapangia wakubwa viwango. Nchi zilizoendelea zilitakiwa, kwa pamoja, kushusha gesijoto kwa takriban asilimia 5 chini ya kiwango cha 1990, kati ya 2008 na 2012. China, India na sisi wengine hatukupangiwa kitu. Miezi kadhaa kabla ya mkutano wa Kyoto, Seneti ya Marekani ilikuwa imepiga kura 95 kwa 0 kwamba isiletewe mkataba wowote unaozibana nchi tajiri na kuziacha zinazoendelea. Serikali ya Bill Clinton ilisaini mwaka 1998 lakini haikuthubutu kuupeleka mkataba Seneti, ambako unahitaji theluthi mbili ya kura. George W. Bush aliukataa waziwazi mwaka 2001. Kanada ilikuwa imeridhia. Ilipoona haitafikia kiwango chake, ikatangaza kutoka Desemba 2011. Kwa hiyo mkataba wenye meno ulimkosa mkubwa mmoja tangu mwanzo na mwingine akaukimbia. Kyoto ilianza kutumika mwaka 2005 tu, baada ya Urusi kuridhia.

Walioandika Paris walikuwa na kumbukumbu hiyo mezani. Saa za mwisho, tarehe 12 Desemba 2015, kikao kilikwama kwa sababu rasimu ilisema nchi tajiri ni sharti ziongoze kwa kupunguza gesijoto kwa kiwango cha uchumi mzima. Ujumbe wa Marekani ukaona kwamba neno hilo la lazima litaupeleka mkataba Seneti, ukafie huko. Sekretarieti ikaeleza kuwa ni kosa la uandishi, likawekwa neno jepesi la kuhimiza, na Laurent Fabius, waziri wa Ufaransa aliyeongoza kikao, akagonga nyundo. Kama kweli lilikuwa kosa la uandishi au la, kila mmoja ana maoni yake. Mimi naona lilikuwa kosa lililokuja kwa wakati mzuri sana. Barack Obama akaukubali mkataba bila Seneti, Septemba 2016. Na kilichokubaliwa kwa kalamu ya rais mmoja kilifutwa kwa kalamu ya mwingine: Donald Trump akaitoa nchi, Joe Biden akairudisha Februari 2021, Trump akaandika tena notisi Januari 2025, na kwa kuwa Kifungu cha 28 kinadai mwaka mzima wa kusubiri, Marekani ikatoka rasmi Januari 2026.

Ukishaelewa hayo, hoja za mdahalo zinabadilika sura. Ile ya kwamba mkataba utatuzuia kujiendeleza ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo hushangiliwa zaidi ukumbini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita katika nchi mbili zilizoridhia. Bunge la Ulaya lililipinga kwa azimio Septemba 2022, wanaharakati wakalipinga, baadhi ya benki zikakataa kulikopesha. Mkataba wenyewe haukuwa na kifungu cha kulizuia. Anayetaka kusema bomba ni kosa au ni haki ana sababu zake, ila asizitafute kwenye masharti ya uanachama.

Hoja yenye uzito zaidi kwa upande wa wapinzani ni ya fedha na haki. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe, kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, tena sehemu kubwa ikiwa mikopo. Mtu akikuunguzia nyumba kisha akakukopesha mabati, una haki ya kuhoji. Baku, mwaka 2024, ziliahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na wajumbe wa Afrika hawakuficha kwamba hawajaridhika. Zaidi ya hapo, uamuzi uliopitisha Mkataba wa Paris unatamka kwamba kifungu cha hasara na uharibifu, yaani madhara ya mabadiliko ya tabianchi, hakiwi msingi wa kudai fidia. Hicho ndicho kipande ambacho mpinzani mzuri angekisoma kwa sauti. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ni wa hiari ya wachangiaji. Si deni linalolipwa.

Nicaragua ilichukua hoja hiyo ikaifikisha mwisho. Mwaka 2015 ilikataa kuungana na wengine kwa kuwa, ilisema, mkataba ni dhaifu na unawaachia wachafuzi wakubwa wajipangie wenyewe. Nchi ndogo, hoja nzito, na nadhani kwa sehemu kubwa ilikuwa sahihi. Lakini ilipofika Oktoba 2017 ilijiunga. Kukaa nje hakukuwa kumeuimarisha mkataba hata kwa mstari mmoja, na wakati huo Trump alikuwa ametangaza kutoka, kwa hiyo Nicaragua ilijikuta imesimama upande mmoja naye bila kukusudia.

Hapo ndipo hoja ya kuingia inapopata nguvu, na si ya kishairi. Fedha hugawanywa na walio ndani. Biashara ya kaboni, yaani kuuziana upungufu wa gesijoto kati ya nchi na nchi, chini ya Kifungu cha 6 ni ya wanachama. Kanuni za kupima, kuripoti na kuhesabu huandikwa na walioketi, na Afrika huketi kama kundi moja. Tanzania ilishika uenyekiti wa wajadili wa kundi hilo mwaka 2025, baada ya Kenya. Aliye nje husikia matokeo. Tena kukaa nje hakukingi na masharti ya wengine: Umoja wa Ulaya umeweka tozo ya kaboni mpakani kwa chuma, saruji, mbolea, alumini na bidhaa nyingine chache, na tozo hiyo haiulizi kama nchi yako iliridhia Paris. Inauliza bidhaa ilitoa kaboni kiasi gani kiwandani. Kwa Msumbiji, iliyokuwa ikiuza alumini Ulaya, hilo halikuwa jambo la mbali.

Je, orodha ya kusomwa mbele ya watu inafanya kazi? Nusu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2025 kuhusu pengo la gesijoto ilikadiria kuwa kwa sera zilizopo dunia inaelekea nyuzi 2.8 mwishoni mwa karne, na kama michango yote ingetimizwa, kati ya 2.3 na 2.5. Kabla ya Paris makadirio yalikuwa juu zaidi ya hapo. Na mwaka 2024 tayari ulikuwa wa kwanza kuvuka 1.5 kwa wastani wa mwaka mmoja. Anayesema mkataba umeshindwa na anayesema umesaidia wanaweza kutumia namba zile zile bila yeyote kudanganya.

Meno, kama yapo, hutoka nyumbani. Lamu, mradi wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulizuiwa Juni 2019 pale Baraza la Mazingira la Kenya, linalosikiliza mashauri ya mazingira, lilipofuta leseni yake. Miongoni mwa sababu ni kwamba tathmini haikuizingatia ipasavyo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Waliokwenda mbele ya baraza walikuwa wakazi wa Lamu. Hakuna mjumbe aliyetumwa kutoka nje kuja kuukagua mradi ule.

Na kuna jambo jipya linaloubana mdahalo mzima. Kwa ombi lililoanzishwa na Vanuatu, taifa la visiwa katika bahari ya Pasifiki, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, ilitoa maoni yake ya ushauri tarehe 23 Julai 2025. Ilisema nchi mwanachama haiko huru kuandika mchango wowote inaojisikia. Inapaswa kuonyesha juhudi ya juu kabisa inayoweza. Ikasema pia kwamba wajibu wa kutoyadhuru mazingira ya wengine upo katika sheria ya kimila ya mataifa, yaani desturi zinazozifunga nchi zote hata bila kusaini, na hiyo haina hati ya kuridhia wala notisi ya kujitoa. Maoni hayo hayamlazimishi mtu kama hukumu inavyofanya, lakini mawakili wameanza kuyanukuu, na nchi iliyotoka Januari 2026 imo ndani yake sawa na zile zilizobaki.