Kisima cha mafuta kikizeeka, yaliyobaki tunayajuaje yako wapi?

Huku Lamu ukitaja mafuta wengi wanadhani chini kuna ziwa, mtu anatia bomba anavuta mpaka linakauka halafu anahama zake. Hakuna ziwa jamani. Angalia jiwe la matumbawe kwenye kuta za mji wa kale, pale chokaa ilipobanduka, uone vile vitundu: mafuta hukaa kwenye vitundu vya aina hiyo, vidogo zaidi, ndani ya mwamba, na maji ya chumvi yamo humo humo. Ndio maana kwa wastani wa dunia hutoka kama theluthi moja tu, mengine yanabaki yameng'ang'ania mwamba.

Kwetu hatujafika huko, Mbawa-1 kilichochimbwa 2012 baharini kwenye bonde la Lamu kiligusa gesi lakini haikufikia kiwango cha biashara. Ila kwa wenzetu wa Daqing kule Uchina, waliogundua mafuta 1959, au Kern River, California, tangu 1899, swali kubwa ni yapi yalirukwa na yako tabaka gani.

Hapo ndio inaingia logi, yaani mchoro wa vipimo vya mwamba kutoka chini ya kisima mpaka juu. Vipimo vinafungwa mwisho wa waya, vinashushwa mpaka chini kabisa ya kisima, halafu vinavutwa juu polepole huku vinausoma mwamba. Logi ya kwanza ya umeme ilipimwa Septemba 1927 huko Pechelbronn, Ufaransa, na watu wa akina Schlumberger, ndugu wawili Wafaransa walioanzisha upimaji huu. Siku hizi vipimo ni vingi. Gama rei inasoma mionzi ya asili ya mwamba, mfinyanzi una potasiamu na thoriamu nyingi kuliko mchanga safi, kwa hivyo mstari ukikimbilia kulia kwenye karatasi jua ni mfinyanzi, ukirudi kushoto hapo ni mchanga na hapo ndio tunatulia. Densiti (uzito wa mwamba kwa ujazo wake) na nyutroni (chembe ndogo za atomu zinazorushwa ndani ya mwamba) zinatuambia vitundu ni vingi kiasi gani. Halafu risistiviti, yaani mwamba unaukataa umeme kiasi gani: maji ya chumvi yanaupitisha, mafuta yanaukataa. Gus Archie, mhandisi wa mafuta wa Marekani, aliunganisha hayo kwenye fomula yake ya 1942, ukijua vitundu, risistiviti na chumvi ya maji ya mle ndani unapata kiasi cha maji, kilichobaki ni mafuta au gesi.

Safi kabisa, kisima kikiwa kipya. Kwenye eneo lililozeeka mambo yanachafuka, manake wamesukuma maji chini miaka na miaka ili yafukuze mafuta, na mara nyingi ni maji matamu. Na watu wa Shela mnajua tofauti ya maji ya kisima cha mchangani na ya baharini kwa ulimi, lakini risistiviti haina ulimi, maji matamu nayo yanakataa umeme, basi kwenye karatasi yanajifanya mafuta. Isitoshe kisima kimeshavishwa bomba la chuma, umeme wa kawaida hausomi nje yake.

Kwa hivyo tunatumia nyutroni za kasi zinazopenya chuma, tunalinganisha kaboni na oksijeni. Mafuta yana kaboni, maji yana oksijeni, chumvi iwepo isiwepo haijalishi. Mimi nakipenda sana kipimo hiki lakini msikiamini kama mganga, kinasoma kama shubiri moja tu nje ya bomba, kinataka kuvutwa taratibu mno, na mwamba wa chokaa wenyewe una kaboni ndani yake, usipoiondoa kwenye hesabu utashangilia jiwe.

Kuna pia kipimo chenye pangaboi kadogo, kinashushwa kisima kikiwa kinatoa, kinaonyesha tabaka gani linaleta maji tupu. Likijulikana linazibwa kwa simiti. Kisima kilichokuwa kinatapika maji kinaweza kurudi kutoa mafuta bila kuchimba kipya, na hapo ndio pesa ilipo kwa maoni yangu, logi ni rahisi mno ukiilinganisha na kuchimba.

Na hii si ya mafuta peke yake. Wewe wa Malindi au Lamu unayechimba kisima cha maji karibu na bahari, mwambie fundi apime gama na risistiviti kabla hajaweka bomba, ili ujue maji ya chumvi yanaanzia mita ya ngapi na vichujio vikae juu yake. Bomba likishaingia, risistiviti ya kawaida haisomi tena.