Je, wajua kiti cha gari kinachopata moto hupata wapi moto wake?

Gari nyingi zinazotembea Unguja na Pemba zilitembea kwanza Japani, na baadhi yake zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Hokkaido, ambako theluji hukaa miezi. Gari hizo huja na mambo yao: betri kubwa kuliko kawaida, hita mpaka viti vya nyuma na, pembeni mwa gia, kitufe chenye picha ya kiti na mistari mitatu iliyopinda kama mvuke wa chai. Kwetu kitufe hicho hubonyezwa siku gari inapofika nyumbani, mara nyingi na mtoto, halafu kinasahauliwa. Wapo wanaoamini ni cha kupoza kiti. Wakikibonyeza wakasubiri ubaridi, hujifunza wenyewe.

Mimi nilijua ni cha joto. Nilichokuwa sikijui ni joto lenyewe linatoka wapi, na kwa bahati mbaya nilidhani nakijua.

Ami yangu yuko Chake Chake, anaendesha gari ya kukodi, Corolla ya mwaka 1997 isiyo na kitufe hicho wala kinachofanana nacho. Mgongo unamsumbua miaka mingi. Julai moja, kipupwe kimekolea, alipewa lifti kutoka Wete, jamaa akamwashia kiti kwa mzaha, ami akashuka Chake amenyooka. Jioni akanipigia simu.

"Hebu nambie, mwanangu. Kile kiti cha moto, gari yangu haitiwi?"

"Haitiwi, ami," nikamjibu bila kusita. "Kile kinatumia maji ya moto ya injini. Itabidi gari ipasuliwe, ipitishwe mipira mpaka chini ya kiti."

"Aa. Basi." Akakata simu.

Kosa langu halikuwa la kitoto, na nataka nilitetee kidogo kabla ya kulizika. Hita ya kawaida ya gari, ile inayopuliza upepo wa moto miguuni, kweli inatumia maji ya injini. Petroli inapoungua, sehemu kubwa ya nguvu yake haifiki kwenye matairi, inageuka joto. Maji yanazunguka ndani ya injini, yanalibeba joto lile na kulipeleka kwenye rejeta likatupwe nje. Njiani, mipira miwili hupeleka sehemu ya maji hayo kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, abiria anapata joto. Joto la bure kabisa, maana lilikuwa linakwenda kutupwa. Nikajiambia: kama gari ina joto la kumwaga, mhandisi gani atahangaika kutengeneza jingine kwa ajili ya kiti? Hoja nzuri. Ubaya wake ni kwamba si kweli.

Aliyenivua ujinga ni fundi umeme wa magari, na hakutumia maneno mengi. Nilikuwa kwake asubuhi kwa shida nyingine kabisa, nikaropoka habari ya mipira ya maji. Akacheka, akanipeleka kwenye gari iliyolala pale usiku kucha. Akaiwasha, akabonyeza kitufe cha kiti, akaniambia nikae. Kabla ya dakika tatu mapaja yalikuwa na joto kama la mtoto aliyepakatwa. Mshale wa joto la injini ulikuwa bado umelala chini. Akafungua boneti, akanishikisha mpira mnene unaotoka juu ya injini kwenda kwenye rejeta: baridi, kama chupa ya maji iliyoachwa dirishani. Injini haikuwa na joto la kumpa mtu. Kiti kilikuwa nalo.

Akazima injini, akarudisha swichi bila kupiga stata, na kiti kikaendelea kupata moto. (Si gari zote zinaruhusu hivyo. Nyingine hukata kiti injini isipofanya kazi ili betri isife, kwa hiyo jaribio hili likigoma kwenye gari yako si ushahidi wa maji.)

Nilipotafuta namna ya kumweleza ami, mfano ulikuja wenyewe. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, na nyumba nyingi zikazitoa pasi za mkaa kwenye mavumbi. Pasi ya mkaa haitengenezi joto. Moto unawashwa kwingine, unangoja makaa yaive, unayatia tumboni mwa pasi, nayo inayabeba tu. Hita ya gari ni pasi ya mkaa: injini ndiyo jiko, maji ndiyo makaa, na usipongoja yaive unapulizwa baridi. Pasi ya umeme haibebi makaa ya mtu. Joto linazaliwa humo humo, chini ya chuma, pale pale penye shati. Kiti cha moto ni ndugu wa pasi ya umeme. Chini ya kitambaa, juu ya sponji, kimelazwa kijamvi chembamba chenye nyuzi zinazopitisha umeme. Hakuna mpira wala maji.

Lakini kwa nini nyuzi zile zipate moto na waya unaozipelekea umeme, uliopita chini ya zulia, usipate? Umeme si ule ule? Ni ule ule, na hapa ndipo penye utamu wa habari yote.

Chukua Darajani siku ya mkesha wa Idi. Barabarani watu wanapita wengi lakini pana nafasi, kila mtu anakwenda zake. Kundi lile lile likiingia kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe chenye upana wa mtu mmoja na mkoba wake, idadi inayopita kwa dakika haibadiliki, maana anayeingia ndiye anayetoka, ila mle ndani ni mabega kwa mabega, kikapu kinakwaruza ukuta, na kila mtu anatoka ametota jasho. Joto halikuletwa na watu wakiwa Darajani. Limezaliwa kichochoroni, kwa kusuguana. Waya mnene wa shaba ni barabara ya Darajani. Uzi wa kijamvi, uliotengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) au kaboni inayobania umeme njia, ni kichochoro. Huko kubania ndiko skuli huita ukinzani.

Kwa hesabu: kiti kimoja hutumia kiasi cha wati 60, yaani ampea 5 kwenye betri ya volti 12. Ampea 5 hizo hizo zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, joto linalotoka halifiki hata robo ya wati kwa kila mita. Ukiushika hutajua kama umeme unapita.

Hesabu hiyo ina upande wake mbaya, na mafundi wetu wanaujua vizuri kuliko wa Hokkaido. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe, kikakaa miaka miwili kwenye hewa yetu ya chumvi, huota kutu ya kijani na kugeuka kichochoro ambacho hakuna aliyekiomba. Kikiwa na ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi na mbili ya ule wa kijamvi, kitatoa wati nne hivi. Wati nne zilizotawanywa kiti kizima si kitu. Wati nne ndani ya kitu chenye ukubwa wa punje ya mahindi, chini ya zulia, zinayeyusha plastiki. Kiti cha moto kinachounguza gari huenda hakina kosa chenyewe. Kosa laweza kuwa la kiungo.

Wati 60 ni kidogo mno, na hilo nalo lilinishangaza. Pasi ya nyumbani inakula wati 1,000 au zaidi. Taa moja ya zamani ya kioo ilikula 60. Siri ni mguso. Kaa barazani alfajiri ya kipupwe, saruji itakung'ata, wakati mkeka uliotandikwa pembeni haukung'ati ingawa vyote viwili vimelala nje usiku mmoja. Ubaridi unaousikia ni kasi ya joto lako kukutoka, na mtu aliyekaa kimya hutoa kama wati 100 mwili mzima. Hita ya upepo lazima ipashe hewa yote ya gari, na vioo, na dashibodi, ndipo wewe upate. Kijamvi kinapasha ngozi tu, kimekandamizwa na uzito wako. Ndiyo maana gari za umeme, zisizo na injini ya kutupa joto, huvipenda sana viti hivi: kupasha mtu ni rahisi kuliko kupasha chumba.

Na petroli je? Kiti hakili bure, tofauti na hita. Umeme wake unatoka kwa altaneta, jenereta ndogo ya gari, altaneta inazungushwa na injini, na karibu nusu ya nguvu hupotea njiani. Viti viwili vikiwaka, injini inabeba mzigo wa wati mia mbili na kitu. Kiyoyozi kinabeba kilowati na zaidi. Kwa hiyo nilikuwa nimekosea pande mbili: nilichodhani kinatumia joto la bure ndicho kinacholipiwa.

Historia yake ni fupi. Cadillac iliuza viti hivyo kama nyongeza kwenye gari za mwaka 1966, na Saab ya Uswidi ikavitia kwenye modeli za 1972. Kwa kuwa ni umeme tu, gari kuukuu haina sababu ya kukikosa. Nikampigia ami, nikamuomba radhi.

"Kumbe hukuwa unajua," akasema.

"Sikuwa najua, ami."

"Ungesema."

Vijamvi vya kutia baadaye huuzwa kwa seti, kimoja cha makalio na kimoja cha mgongo kwa kila kiti, pamoja na swichi, rilei (swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole), fyuzi na waya zake. Fundi alimfanyia ami kazi hiyo kwa asubuhi moja. Alikata betri kwanza. Bolti nne, kiti nje. Kava la kiti limebanwa kwa vipete vya waya chini ya sponji. Alivikata kimoja kimoja kwa koleo, akalikunja kava kama unavyomenya ndizi, akabandika kijamvi juu ya sponji, akairuka ile mifereji ambamo kava huzama. Kijamvi hakipendi kukunjwa. Ami alichukua cha kaboni kwa sababu nyuzi zake zimesukwa kama mkeka: uzi mmoja ukikatika nyingine zinaendelea. Vile vya waya mmoja mrefu ni tasbihi, uzi ukikatika mahali pamoja vyote vimekwisha. Umeme wa kijamvi ukatoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi na rilei, na rilei ikaamrishwa na waya unaopata umeme pale tu swichi ya gari inapofunguliwa, ili ami akisahau kuzima asiamke na betri iliyokufa.

Corolla ile haina mfuko wa hewa, ule unaofura gari ikigonga, ubavuni mwa kiti, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Gari za karibuni ni hadithi nyingine. Ukiona plagi ya manjano chini ya kiti, huo ni mfumo wa mifuko ya hewa, si pa kuchokonoa. Na kiti cha abiria chenye kihisio cha kupima kama mtu amekaa kisilazwe kijamvi juu yake hata kidogo.

Ami ana yakini kwamba mgongo umepona. Mimi nasita. Tafiti zilizopo juu ya joto na maumivu ya kiuno zilihusu zaidi mikanda na vitambaa vya joto vinavyofungwa mwilini kwa saa kadhaa, na nafuu iliyoonekana ilikuwa ndogo na ya muda mfupi. Kiti cha gari si mkanda. Swali linaloulizwa kila gereji, kwa sauti ya chini, ni la nguvu za kiume: utafiti mmoja wa Ujerumani wa mwaka 2008 uliwakalisha wanaume 30 kwenye viti hivyo kwa dakika 90, joto la korodani likapanda kwa kama nusu digrii. Hilo ndilo lililopimwa, joto. Uzazi haukupimwa.

Lenye ushahidi ni jambo jingine. Ngozi haihitaji moto mkali ili iungue. Nyuzijoto 44 zinatosha zikikaa pale pale kwa muda wa saa sita hivi, na zikipanda kidogo muda unapungua haraka. Mtu mzima wa afya atajisogeza. Aliyepooza, au mwenye kisukari kilichokula hisia za ngozi, hatajua, na madaktari Marekani wameandika kesi za watu wa namna hiyo walioungua vibaya kwenye viti vya gari zao. Nilimuuliza ami habari ya sukari. Hana, anasema alipimwa.

Siku hizi anaendesha kiti kimewashwa na kiyoyozi kimewashwa, mgongo Hokkaido ya ndani, uso Hokkaido ya nje. Seti ilikuwa ya viti viwili, kiti cha abiria ami hakukitaka kitiwe, na vijamvi vya pili bibi yake amevikamata. Anataka vifungwe kwenye betri ya sola, avitandike barazani asubuhi za kipupwe. Nimempigia hesabu: ampea 5, betri ya saa-ampea 50, na nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuiua. Saa tano, kwa sharti asilale juu yake.

Amesema zinamtosha, uji wa saa moja na chai ya saa nne.