Ukungu si mvuke: nebulaiza haimfukizi mtu

Juzi nilikwenda kumjulia hali mgonjwa, nikasikia tena: "Kifua kilimbana, wamemfukiza dawa kwa mashine." Aliyesema ni mtu aliyesoma. Nikanyamaza kwa adabu ya mgeni, lakini nimebaki nalo rohoni.

Nebulaiza ni kimashine kinachovunjavunja dawa ya maji iwe matone madogo mno, ya mikroni 1 hadi 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yanayoweza kupita kooni yakatua ndani kabisa ya mapafu. Basi, ni hivyo tu.

Sasa hilo neno. Kufukiza kumezaliwa na kufuka: moshi unafuka, chetezo kinafuka, nguo zinafukizwa udi. Kujifukiza nako twakujua, sufuria ya majani, blanketi kichwani, jasho. Tanzania mwaka 2020 nani hakusikia habari za nyungu? Kazi yote hapo inafanywa na moto. Na mvuke unapopanda huyaacha chini yale mazito yaliyoyeyuka majini. Chemsha maji ya chumvi, funika, kisha lamba matone yaliyoganda kwenye kifuniko: hayana chumvi. Jirani yangu aliwahi kuponda vidonge vya antibaiotiki akavitia kwenye beseni la maji ya moto, akainama. Alichovuta ni maji matupu. Dawa ilibaki beseni, uso ukaungua.

Nebulaiza ya hospitali haihitaji moto. Hewa yenye msukumo huipiga dawa ikarushwa, mfano wa wimbi linapovunjika mwambani, na kila tone huondoka na dawa yake ndani. Huo ni ukungu. Hata jina la mashine limetoka kwenye neno la Kilatini nebula, yaani ukungu. Neno tulikuwa nalo siku zote; shida ni kwamba ukungu kwetu ni pia ule unaoota kwenye mkate.

Chukua pentamidini. Kongo wanaijua kwa sindano, dawa ya malale. Ikivutwa, hukinga nimonia ya Pneumocystis jirovecii, ambaye ni kuvu, kwa watu ambao kinga yao imeshuka (kwa wenye VVU, CD4, yaani seli za kinga, chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu) na hawapatani na kotrimoksazoli (Septrin). Ukungu unatumwa kuuzuia ukungu! Marekani waliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1989: miligramu 300, mara moja kila wiki 4.

Nayo ina masharti ambayo nyungu haina. Unga wake huyeyushwa kwa maji safi ya sindano. Ukitumia maji ya chumvi, dawa hujitenga ikaganda. Haichanganywi na dawa nyingine kwenye kikombe kimoja. Hukereketa, mtu akakohoa au kifua kikambana, ndiyo maana wengine hupewa kwanza salbutamoli ya kutanua njia za hewa. Kabla ya yote mgonjwa huchunguzwa kifua kikuu, kwa kuwa kikohozi hicho, akiwa na TB, kitaigawa kwa kila aliyemo chumbani. Chumba kiwe na hewa inayopita, na wagonjwa wengine wasikae humo kusubiri zamu.

Tena ni kinga ya mapafu tu, na hata huko sehemu za juu hupata dawa kidogo kuliko za chini. Nimonia hiyo ikishaingia, tegemeo la kwanza ni kotrimoksazoli ya dozi kubwa, na huo ukungu hautoshi.

Kwa hiyo bibi aliye chini ya blanketi anajifukiza, wala simkatazi mchaichai wake. Yule mwenye kidomo cha plastiki mdomoni anavuta ukungu wa dawa. Na ukiona maneno hayo ni marefu, sema "yuko kwenye mashine ya kifua", hapo sitakugombeza.