Je, wajua seli hujuaje kuwa kolesteroli imetosha?

Kolesteroli ikitajwa, lawama huenda kwenye mayai. Wengi huamini kwamba ni uchafu unaoingia mwilini na chakula, na kwamba kilichomo kwenye damu ni kile kile kilicholiwa. Si kweli, na hapa panahitaji maelezo.

Kwanza, si uchafu. Bila kolesteroli utando wa seli zetu ungelegea, na mwili usingepata malighafi ya nyongo, kotisoli wala homoni za uzazi. Pili, sehemu kubwa ya kolesteroli tuliyonayo hutengenezwa na mwili wenyewe. Kiini cha yai moja kina takriban miligramu 200, na utumbo haufyonzi zote. Kwa watu wengi, inayoingia ikizidi, ini hupunguza kutengeneza. Ndiyo maana mwaka 2015 mwongozo wa lishe wa Marekani uliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku, ingawa bado ulishauri kiasi. Mafuta yanayoganda, kama samli na shahamu, kwa kawaida hupandisha LDL (chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu) kuliko kolesteroli ya chakula. Tahadhari ni kwamba watu hawafanani: wapo ambao damu yao huitikia mayai waziwazi. Wapo pia wanaozaliwa na vipokezi vya LDL, yaani protini za kuinasa na kuiingiza kwenye seli, vyenye hitilafu, na LDL yao huwa juu tangu utotoni hata wakila kwa uangalifu.

Sasa, seli inapimaje? Jibu lilitoka hasa kwa Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Texas, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya kolesteroli, kisha katika miaka ya 1990 maabara yao ikaigundua protini iitwayo SREBP.

Ajabu ni mahali kipimo kilipowekwa. Kolesteroli nyingi ya seli iko kwenye utando wa nje, lakini kipimo kiko ndani, kwenye vijitando vya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ulio ndani ya seli, ambako kolesteroli ni haba mno. Chukua kikombe cha chai yenye vijiko vinane vya sukari. Ukiongeza nusu kijiko, ulimi hautambui. Tia nusu kijiko hicho kwenye chai isiyo na sukari kabisa, utajua kwa funda la kwanza. Seli huonja pale ambapo badiliko dogo linaonekana. Mpaka wake ni kama asilimia 5 ya molekuli za mafuta za utando huo wa ndani.

Ikiwa juu ya hapo, kolesteroli hujishikiza kwenye protini iitwayo SCAP, ambayo hubadilika umbo na kunaswa na nyingine, Insig. SCAP ndiyo inayoisindikiza SREBP, kwa hiyo zote mbili hubaki palepale. Ikishuka, Insig huachia. SCAP huipeleka SREBP hadi Golgi, sehemu nyingine ya ndani ya seli, ambako vimeng'enya viwili huikata mara mbili, na kipande kilichokatika huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza kolesteroli pamoja na za vipokezi vya kuivuta LDL kutoka kwenye damu.

Ndugu ya SREBP hiyo, SREBP-1c, hushughulikia zaidi asidi za mafuta, na kwenye ini huchochewa na insulini. Nzi wa matunda hawawezi kabisa kujitengenezea kolesteroli, lakini SREBP wanayo. Kwao mfumo huu hupima fosfolipidi, aina ya mafuta ya utando.

Statini, dawa za kushusha kolesteroli, hutegemea kipimo hiki. Mwanasayansi wa Japani Akira Endo alipata ya kwanza jijini Tokyo mwaka 1973, kutoka kwa kuvu Penicillium citrinum. Mara nyingi husemwa kwamba statini hushusha LDL kwa kuzuia tu utengenezaji. Kinachofanya kazi zaidi ni mwitikio wa ini: linahisi upungufu, linaongeza vipokezi, na vipokezi vinaiondoa LDL kwenye damu. Lakini SREBP iyo hiyo huwasha pia jeni ya PCSK9, protini inayoharibu vipokezi hivyo. Hiyo ni sababu mojawapo ya dozi ya statini, ikiongezwa mara mbili, kushusha LDL kwa takriban asilimia 6 zaidi tu, na siku hizi zipo sindano za kuizuia PCSK9.