Bibliometria inapima nini hasa?

Mwaloni Kirumba, mwalo wa kushushia na kuuzia samaki hapa Mwanza, sangara huhesabiwa akishafika kwenye mizani. Yule aliyeliwa Ukerewe kabla ya kusafirishwa hayumo daftarini. Daftari halijadanganya, ila linatueleza habari za mwalo, na ziwa ni kubwa kuliko mwalo. Ukilishika hilo, bibliometria haitakupa shida.

Bibliometria ni upimaji wa maandiko ya utafiti kwa njia ya kuyahesabu: makala ngapi zimetoka kuhusu jambo fulani, mwaka gani, kutoka nchi zipi, nani kaandika na nani, na ipi inatajwa sana katika makala za wengine. Jina lenyewe lilipendekezwa na Alan Pritchard, Mwingereza, mwaka 1969. Siku hizi hesabu hufanywa kwenye kanzidata, yaani hifadhi za kompyuta zenye orodha za makala, kubwa kama Web of Science, Scopus na PubMed.

Tuseme mtu anataka kujua dunia imeandika kiasi gani kuhusu baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaacha vijidudu na kushambulia utando wa ndani ya maungio ya mwenye mwili. Vidole vinavimba, asubuhi vinakaza hata saa nzima, na wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Kikwazo cha kwanza ni neno. Huku kwetu karibu kila maumivu ya goti huitwa baridi yabisi, hata yale ya uzee ambayo gegedu, ule mfupa laini wa kwenye maungio, imesagika tu. Kwa Kiingereza pia lipo neno moja la jumla linalobeba magonjwa mengi ya maungio. Anayetafuta kwa neno pana atazoa kila kitu kama kokoro. Anayetafuta kwa jina mahususi ataziacha makala zilizotumia jina jingine. Wahesabuji wawili waaminifu hutoka na idadi mbili tofauti, na hakuna aliyekosea. Kwa hiyo ripoti nzuri hutaja maneno yaliyotafutwa, kanzidata iliyotumika na tarehe ya kutafuta. Isiyotaja hayo mimi siitegemei.

Kisha kuna suala la nchi. Makala ya waandishi kutoka Tanzania, Kenya na Uingereza yaweza kuhesabiwa moja nzima kwa kila nchi, au theluthi kwa kila moja. Kwa njia ya kwanza, jumla ya nchi zote huzidi idadi ya makala zilizopo.

Kutajwa nako kunahitaji uangalifu, na mfano ninaoupenda ni wa kwetu, japo si wa baridi yabisi. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini Mwanza, ulioonyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1999 jarida hilohilo likatoa utafiti wa Rakai, Uganda, ambako dawa ziligawiwa kwa jamii nzima kwa pamoja, na maambukizi hayakupungua. Tangu hapo tafiti hizi mbili hutajwa pamoja, mara nyingi na watu wanaojaribu kueleza kwa nini zilipishana. Mashine inayohesabu kutajwa huandika moja kwa kila anayekubali, na moja kwa kila anayepinga.

Linalonigusa zaidi ni wale wasiofika kwenye mizani. Ramani za bibliometria hupaka rangi nzito nchi zenye maabara, fedha na majarida, na msomaji wa haraka hudhani kwingine ugonjwa haupo. Mfikirie mama anayeanika dagaa Igombe, ambaye alfajiri vidole vinakataa kushika ungo. Ili aonekane kwenye ile ramani, lazima kwanza afike kwa daktari atakayeyatofautisha maumivu yake na ya uzee, apimwe damu na maungio yake yapigwe picha, jalada lake litoke kabatini liingie kwenye utafiti, utafiti uandikwe, jarida liukubali, na jarida hilo liwe limesajiliwa kwenye kanzidata. Ikikatika hatua moja tu, anahesabiwa sifuri, na vidole bado vinamuuma.